Je, Wajua? Makula, Macho ya Wazee na Neno "Ni Uzee Tu"

Je, wajua kwamba maneno haya unayasoma kwa sehemu ya jicho yenye upana wa milimita 5 hivi? Jina lake ni makula. Imekaa nyuma ya jicho, katikati ya retina, ule utando mwembamba unaopokea mwanga na kupeleka habari ubongoni. Kutunga uzi kwenye sindano, kuchambua mchele, kusoma ujumbe wa M-Pesa, kumtambua mjukuu kwa sura: zote hizo ni kazi za makula. Retina ya pembeni hukujulisha kwamba kuna mtu anapita. Makula hukwambia ni nani.

Katika mamalia wote, wenye makula ni binadamu na jamii ya nyani na kima peke yao. Ng'ombe hana, paka hana. Panya wa maabara naye hana, na hiyo ni sababu mojawapo ya utafiti wa maradhi ya makula kwenda polepole. Tai amejaliwa zaidi yetu: kila jicho lake lina vishimo viwili vya kuonea kwa makini.

Je, wajua kwamba makula ina rangi ya njano? Njano hiyo ni luteini na zeaksanthini, viini viwili ambavyo mwili hauwezi kuvitengeneza. Vyote tunavipata kwenye chakula. Huchuja mwanga mkali wa buluu kabla haujazifikia seli zinazoona, na huzima kemikali haribifu zinazozaliwa pale mwanga na oksijeni vinapokutana.

Makula huchakaa. Maradhi ya kuchakaa kwake uzeeni madaktari huyaita kwa kifupi AMD, nayo huanza kujitokeza baada ya miaka 50. Watafiti walikadiria kwamba mwaka 2020 watu milioni 196 duniani walikuwa na AMD ya kiwango fulani, na kwamba kufikia 2040 watakuwa milioni 288. Sababu kubwa ni kwamba watu wanaishi miaka mingi zaidi.

Je, wajua yanaanzaje? Kila siku seli zinazopokea mwanga humenya ncha zake zilizochoka, karibu sehemu moja ya kumi, na ncha hizo humezwa na safu nyingine ya seli iliyo chini yake. Kwa miaka 50, 60, 70, safu hiyo inameza na kusaga bila likizo. Siku ikianza kuzidiwa, mabaki hulundikana. Ni kama mtaa ambao gari la taka limeacha kupita: mwanzoni mifuko michache kandokando, baadaye njia zinaziba. Daktari akichungulia ndani ya jicho huyaona mabaki hayo kama madoa ya njano yaitwayo druseni. Madogo machache ni ya kawaida kwa mtu mzima. Yakiwa makubwa na mengi, hilo ni onyo. Na mwenye jicho wakati huo haumwi wala hawashwi, jicho halibadiliki rangi, halitoi machozi. Anaona vizuri tu.

Labda kitu kimoja: gizani. Mtu mwenye AMD changa huchelewa kuzoea giza. Akitoka juani na kuingia ndani husimama mlangoni kwa muda akingoja macho yatulie. Mzee wako akianza kusitasita hivyo, na zamani hakuwa hivyo, usimcheke.

AMD iko ya aina mbili. Ya kavu ndiyo ya wengi: katika wagonjwa 10, wanane au tisa wana hiyo. Inakula makula taratibu, kwa miaka. Ya majimaji ni ya wachache lakini ndiyo kali. Mishipa mipya ya damu, dhaifu, huchipua chini ya retina, ikavuja maji na damu, na uoni wa katikati ukaharibika ndani ya wiki chache, pengine siku chache. Kavu inaweza kugeuka ya majimaji, na inaweza kugeuka katika jicho moja huku la pili likiwa bado.

Je, wajua kwamba AMD peke yake haimtii mtu katika giza totoro? Inaharibu katikati na kuacha pembeni. Mzee anatembea uani bila kujikwaa, anamwona kuku anayepita, anakwepa ndoo, lakini namba kwenye simu hazioni. Watu wa nyumbani wanamshangaa: mbona ndoo kaiona? Mtaani mambo ni mabaya zaidi, maana kwetu salamu ni jambo zito. Bibi anampita jirani yake wa miaka yote bila neno. Jirani ananuna, anasema siku hizi bibi kajaa maringo. Yule bibi aliona kanga inapita, na mahali pa uso pana ukungu. Ukimwambia, "Shikamoo bibi, ni mimi, mtoto wa nyumba ya pili," ataitikia marahaba na kukuuliza habari za wote nyumbani. Jitaje kwanza, kisha zungumza. Haigharimu kitu.

Dalili ya kwanza ya aina ya majimaji mara nyingi ni kitu kilichonyooka kuonekana kimepinda. Fremu ya mlango inatokeza tumbo. Nondo za dirisha zinapinda katikati. Mistari ya kitabu inacheza, na herufi moja katikati ya neno haipo. Daktari wa macho wa Uswisi, Marc Amsler, ndiye aliyetuachia kipimo chake: karatasi ya miraba yenye nukta katikati, ambayo bado inatumika kliniki duniani kote.

Huna karatasi hiyo? Daftari la hesabu la mtoto wa shule lina miraba tayari. Weka nukta nzito ya kalamu katikati ya ukurasa. Mzee avae miwani yake ya kusomea, akae penye mwanga mzuri, ashike daftari kwa umbali anaosomea. Afunike jicho moja kwa kiganja bila kulibonyeza, kisha aikazie macho ile nukta bila kuhamahama. Muulize polepole: mistari yote imenyooka? Kuna mraba uliopotea? Kuna doa, kuna ukungu? Halafu jicho la pili. Dakika moja inatosha, na ni vizuri kurudia kila wiki kwa mtu ambaye tayari ameambiwa ana druseni.

Hilo la kufunika jicho moja ndilo lenyewe hasa. Macho mawili husitiriana. Zima huziba pengo la bovu, na ubongo hujaza kilichokosekana, hata mtu akaishi miezi na jicho moja lililokwisha katikati bila habari. Wengi huligundua kwa bahati, siku vumbi limeingia kwenye jicho zima na wanalifikicha.

Kipimo hiki hakichukui nafasi ya daktari; mtu anaweza kuiona miraba yote sawasawa na bado druseni zimejaa. Lakini mistari ikipinda ghafla, hiyo ni safari ya wiki hii. Usingoje mwisho wa mwezi, usingoje mavuno, usingoje kijana aje likizo. Neno "ni uzee tu" limewapotezea watu wengi uoni ambao ulikuwa bado unaokoleka, na mara nyingi anayelisema ni mtu anayempenda mzee wake kwa dhati na anataka kumtuliza.

Je, wajua kwamba hadi mwanzoni mwa miaka ya 2000 AMD ya majimaji haikuwa na tiba ya maana? Kulikuwa na leza ya kuchoma mishipa inayovuja, nayo iliacha kovu palepale kwenye makula. Njia ilifunguliwa na utafiti wa saratani. Mwaka 1989 Napoleone Ferrara, mtafiti mzaliwa wa Italia aliyekuwa Genentech, kampuni ya California, alifanikiwa kuitenga protini ya VEGF, ile inayoiamuru mishipa ya damu ichipue. Uvimbe wa saratani huitumia kujipatia damu. Jicho lenye AMD ya majimaji huitumia pia. Dawa ya kuizuia, bevasizumabu, ambayo wengi huijua kwa jina la Avastin, iliidhinishwa Marekani mwaka 2004 kwa saratani ya utumbo mpana. Mwaka uliofuata daktari Philip Rosenfeld wa Miami akaanza kuidunga kiasi kidogo ndani ya jicho, na retina iliyokuwa imejaa maji ikakauka.

Mwaka 2006 ikaidhinishwa dawa iliyotengenezwa mahususi kwa jicho, Lucentis, kutoka kampuni hiyo hiyo. Dozi moja Marekani ilifika karibu dola 2,000. Avastin iliyogawanywa ilikuwa dola 50 hivi. Utafiti mkubwa wa CATT ulizishindanisha, na mwaka 2011 ukatangaza kwamba kwa kuokoa uoni zinalingana. Mwaka 2013 Shirika la Afya Duniani likaiweka bevasizumabu katika orodha yake ya dawa muhimu, kwa ajili ya macho. Kwa nchi zetu, naona uamuzi huo una uzito sawa na uvumbuzi wenyewe, kwa sababu dawa isiyonunulika ni sawa na ambayo haipo.

Unafuu wake unatokana na hesabu rahisi. Chupa ya Avastin ina mililita 4. Dozi ya jicho ni mililita 0.05. Chupa moja hutoa sindano nyingi. Ila kugawa huko kunataka chumba safi kabisa na mtu aliyefundishwa kazi hiyo, maana uchafu ukiingia kwenye chupa unawafikia wagonjwa wote wa siku ile. Una haki ya kuuliza dawa imegawiwa wapi na lini.

Watu husikia "sindano ya jicho" wakakimbia, basi hivi ndivyo inavyokwenda. Mgonjwa analala chali. Anawekewa matone ya ganzi, yanarudiwa. Kope na jicho vinasafishwa kwa ayodini ya kahawia, ambayo jioni yake huwasha kuliko sindano yenyewe. Kijichuma chembamba kinazishikilia kope zisifunge. Daktari anapima milimita 4 hivi kutoka ukingo wa sehemu nyeusi ya jicho, anamwambia mgonjwa atazame upande, na sindano nyembamba sana inaingia kwenye sehemu nyeupe. Mgonjwa husikia mgandamizo. Sekunde chache, kwisha. Anaweza kuona viputo vyeusi vikielea siku hiyo, na alama nyekundu pale ilipoingia sindano. Hayo ni ya kawaida. Yasiyo ya kawaida ni jicho kuzidi kuuma, kuzidi kuwa jekundu na kuona kukipungua siku zinazofuata: arudi siku hiyo hiyo, hata kama ni Jumapili. Maambukizi ndani ya jicho hutokea chini ya mara moja katika sindano elfu moja, lakini hayasubiri.

Na haiwi sindano moja. Mwanzoni ni kila mwezi, kwa kawaida mara tatu, kisha kadiri daktari aonavyo, pengine kwa miaka. Hapa ndipo tunapowapoteza wagonjwa wengi. Nauli, foleni, mtu wa kumsindikiza, na mzee mwenyewe anayesema, "Mwanangu, mbona sasa naona?" Anaona kwa sababu ya sindano. Familia ikae kikao mapema, igawane nauli na zamu za kwenda naye.

Kwa aina kavu iliyokwisha kwenda mbali, dawa mbili za kwanza ziliidhinishwa Marekani mwaka 2023. Zinapunguza kasi ya kuharibika. Kilichokwisha kupotea hazikirudishi.

Je, wajua kwamba kwa muda mrefu AMD ilihesabiwa kuwa maradhi ya Wazungu? Mwaka 2007 na 2008 timu iliyokuwa na daktari Mkenya Wanjiku Mathenge iliwapima watu zaidi ya 4,000 wa miaka 50 na zaidi huko Nakuru, ikawapiga na picha za retina. Katika picha zilizosomeka, asilimia 11.2 walikuwa na AMD changa na asilimia 1.2 walikuwa na iliyokomaa. Changa peke yake ni mtu 1 kati ya 9. Nakuru, si Norway. Matokeo yalichapishwa mwaka 2013, na tangu hapo mganga anayemwambia mgonjwa wetu kwamba maradhi haya hayatuhusu amepitwa na wakati.

Nakuru hiyo hiyo ndiko daktari Mwingereza Andrew Bastawrous na wenzake walikoijaribu Peek, programu ya simu inayomwezesha mtu asiye daktari kupima uoni nyumbani kwa mgonjwa, chini ya mwembe ikibidi.

Sigara. Katika mambo yote yanayoongeza hatari ya AMD, hili ndilo kubwa zaidi lililo mikononi mwa mtu mwenyewe. Mvutaji ana hatari mara 2 hadi 4 ya asiyevuta. Umri huwezi kuurudisha nyuma, wala ukoo huwezi kuuchagua. Sigara unaweza kuiacha leo, na hatari hushuka kadiri miaka inavyopita tangu uache. Presha ya damu nayo idhibitiwe, na mwili utembee.

Ukoo una sehemu yake kubwa. Mwaka 2005 watafiti walitambua jeni iitwayo CFH, inayohusika na kinga ya mwili, kuwa na mkono katika AMD. Mwigizaji Judi Dench wa Uingereza, aliyejitokeza mwaka 2012 kusema ana maradhi haya, alieleza kwamba mama yake pia alikuwa nayo. Mama au baba akiambiwa ana AMD, watoto wake waliofika miaka 50 nao waende wapimwe, hata wakijiona wazima.

Je, wajua kwamba luteini iko tele sokoni kwenu? Sukuma wiki, mchicha, matembele, majani ya kunde. Kiini cha yai. Mahindi ya njano, wakati sembe nyeupe tunayoipenda haina karibu chochote. Na luteini huyeyuka kwenye mafuta, kwa hiyo mchicha wa nazi au matembele ya karanga huupa mwili zaidi kuliko majani yaliyochemshwa kwa maji matupu. Ongeza samaki mara mbili kwa wiki. Wanaokula hivyo huonekana kupata AMD iliyokomaa kwa uchache kuliko wasiokula.

Karoti? Ina beta-karotini, ambayo mwili huigeuza vitamini A, na kweli upungufu wa vitamini A hupofusha watoto. Lakini mtu mzima anayekula kawaida, karoti haitamwondolea miwani wala haitamponya AMD.

Vidonge vya vitamini vya macho vinauzwa ghali, na vinauzwa kwa watu wasiovihitaji. Ukweli wake ni huu. Mwaka 2001 utafiti wa AREDS wa Marekani ulionyesha kwamba mchanganyiko wa vitamini C, vitamini E, beta-karotini, zinki na shaba, kwa viwango vikubwa, hupunguza kwa robo hivi uwezekano wa AMD ya hatua ya kati kukomaa. Mwaka 2013 utafiti wa pili uliunga mkono kuiondoa beta-karotini na kuweka luteini na zeaksanthini, kwa sababu beta-karotini nyingi huongeza hatari ya saratani ya mapafu kwa wavutaji. Mafuta ya samaki ya kwenye vidonge hayakuongeza faida. Basi kama daktari ameona druseni kubwa, muulize kuhusu mchanganyiko huo wa pili. Kama makula yako ni nzima, hakuna ushahidi kwamba vidonge vitakukinga. Fedha hiyo nunua samaki na mboga.

Je, wajua kwamba mtu anayepoteza uoni anaweza kuanza kuona vitu visivyokuwepo, na akili zake zikawa timamu kabisa? Mwaka 1760 Charles Bonnet wa Geneva aliandika habari za babu yake, Charles Lullin, mzee wa miaka 89 ambaye macho yalikuwa karibu yamekwisha. Mzee huyo aliwaona wanaume na wanawake, ndege, magari ya farasi, majengo, vikija na kutoweka kimya kimya. Alijua havipo. Hali hiyo leo inabeba jina la Bonnet, na huwapata wengi wenye AMD iliyokomaa. Ubongo uliozoea kupokea picha mchana kutwa, ukikosa, hujitengenezea zake: maua ukutani, watoto wamekaa kwenye mkeka, watu wafupi waliovaa nguo za rangi. Hawasemi kitu. Wanapita tu.

Fikiria sasa bibi yetu anayewaona watoto hao. Akisema, ataambiwa ameingiliwa na majini, au kichwa kimeharibika. Atapelekwa kwa mganga, atafanyiwa maombi ya usiku kucha, au atafungiwa chumbani wageni wakija. Kwa hiyo hasemi. Anakaa na hofu yake peke yake, akiamini kwamba anarukwa na akili. Maneno machache ya daktari au muuguzi yanayomweleza hali hii humtua mzigo mzito mno. Taa ikiwashwa, akipepesa macho, akiyahamisha kulia na kushoto mara kadhaa, au akinyoosha mkono kugusa, mara nyingi picha huondoka. Kwa wengi hupungua zenyewe baada ya muda. Akisikia na sauti, au akiamini kabisa kwamba watu hao wapo, au akichanganyikiwa ghafla, hapo kuna jambo jingine na daktari alitafute.

Niseme na la macho mekundu, kwa sababu limemwaga damu. Usukumani, vikongwe wameuawa kwa tuhuma za uchawi, na ushahidi uliotajwa dhidi yao ulikuwa macho yao mekundu. Macho mekundu ya mwanamke aliyepika maisha yake yote kwenye moshi wa kuni na kinyesi kikavu cha ng'ombe ni macho yaliyochomwa na moshi. Anayestahili kuitwa pale ni mganga wa zahanati, na jiko linataka dirisha.

Si kila ukungu ni AMD. Mtoto wa jicho ndiye anayeongoza kwa upofu duniani, naye huondolewa kwa upasuaji mfupi na kuwekwa lenzi. Glaukoma, ambayo wengi huiita presha ya macho, hufanya kinyume cha AMD: inakula pembeni na kuacha katikati mpaka mwisho, nayo pia hainong'oni. Mwenye kisukari apimwe retina kila mwaka. Na wengine shida yao ni miwani tu. Mwaka 2018 utafiti uliofanywa kwa wachuma chai wa Assam, India, wenye miaka 40 na zaidi, ulionyesha kwamba waliopewa miwani ya karibu waliongeza uchumaji kwa asilimia 21.7 zaidi ya wenzao ambao hawakupewa. Miwani!

Dawa za kienyeji: maziwa ya mama, mkojo, maji ya majani, asali. Makula iko nyuma ya jicho; tone la mbele halifiki huko. Kinachoingia jichoni ni vijidudu, na vidonda vya konea, kioo cha mbele ya jicho, vimewapofusha watu waliokuwa na tatizo dogo. Matone yenye steroidi yanayouzwa bila cheti kwenye duka la dawa nayo yana hatari yake: yakitumika kwa muda mrefu bila uangalizi huleta glaukoma na mtoto wa jicho.

Anayetumia haidroksiklorokwini kwa lupasi au baridi yabisi anapaswa kupimwa makula, maana dawa hiyo kwa miaka mingi inaweza kuidhuru. Chukua tahadhari bila kuogopa dawa. Usiiache bila ushauri.

Jua likipatwa, anayelitazama kwa macho matupu huchoma makula ile ile, na hasikii maumivu yoyote. Tarehe 2 Agosti 2027 jua litapatwa kikamilifu kuanzia Morocco hadi Misri, Saudi Arabia, Yemen na Somalia, na Kenya litapatwa sehemu. Miwani ya jua ya kawaida haikingi.

Je, wajua kwamba mwaka 2024 tume ya jarida la Lancet iliongeza kutoona vizuri kusikotibiwa katika orodha ya mambo 14 yanayochangia ugonjwa wa kusahau uzeeni, mambo ambayo yanaweza kurekebishwa? Mzee asiyeona huacha kusoma, huacha kwenda msikitini au kanisani, huacha vikao.

Na uoni uliobaki una kazi. Mchoraji wa Marekani Georgia O'Keeffe alipopoteza uoni wa katikati kwa AMD mwanzoni mwa miaka ya 1970, aliingia kwenye ufinyanzi na kuendelea na sanaa kwa msaada. Alifariki mwaka 1986 akiwa na miaka 98. Nyumbani kwetu mambo ni madogo na yanawezekana. Ugali mweupe kwenye sahani nyeupe haupo. Uweke kwenye sahani ya rangi nzito. Paka rangi ya njano ukingo wa kila ngazi. Kaa naye dirishani anaposoma, mwanga ukitoka nyuma ya bega. Kuza herufi za simu mpaka mwisho, washa sauti isome ujumbe, ili asilazimike kumpa kila mpita njia namba yake ya siri. Biblia na msahafu wa maandishi makubwa vinapatikana. Wengi hujifunza kutazama kando kidogo ya kitu ili wakione kwa retina iliyo nzima. Mkigundua haangalii machoni mnapozungumza, ndiyo namna yake ya kuwaona.

Hospitali zenye vitengo vikubwa vya macho zipo karibu kuliko wengi wanavyodhani: KCMC ya Moshi, CCBRT ya Dar es Salaam, PCEA Kikuyu nje ya Nairobi. Siku ya kwenda, beba dawa zote anazotumia mzee, za presha na za kisukari pia, na ile karatasi ya miraba, ikiwa imetiwa alama mahali anapoona pamepinda. Atawekewa matone ya kutanua mboni, na kwa saa kadhaa jua litamuumiza na maandishi ya karibu hayatasomeka, kwa hiyo aende na kofia au mtandio, na asiende peke yake. Daktari akimaliza, muulize makula ikoje, jicho la kulia kivyake na la kushoto kivyake, na arudi lini.